Kabla Hujagusa Ule Ukuta

Mwakingali, Voi

Mpwa wangu mpendwa,

Mama yako alirudi juzi kutoka Wundanyi na kikapu cha maparachichi, anasema fungu lako lipo ila haliwezi kukusubiri hadi Krismasi. Barua yako nimeipata, pamoja na picha za ile nyumba ya Mji wa Kale, nyuma ya Ndia Kuu, ambayo wateja wenu wa kutoa mizigo bandarini wanataka kuifanya ofisi. Nimezitazama kwa miwani na bila miwani.

Umeniuliza kama ukuta wa kati wa ghorofa ya kwanza unaweza kuondolewa ili wapate ukumbi mmoja mpana. Hauwezi. Lakini najua ukienda kwa bosi wako na neno la mjomba mwashi aliyestaafu Voi, utachekwa. Kwa hiyo nakupa sababu, wewe uzivalishe lugha ya chuo.

Anza na dari. Boriti ulizopiga picha ni za mikoko. Wakataji wa Lamu huipanga miti hiyo kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Boriti ndiyo ya kubeba sakafu, nayo haikubali kuvuka mahali papana. Ukitaka isipinde, chumba kisizidi mita tatu hivi, na mara nyingi utakuta ni pungufu ya hapo. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba kongwe za Lamu, Mombasa na Unguja ni virefu na vyembamba. Urefu aliuamua mwenye nyumba kwa uwezo wake, lakini upana tajiri na maskini waliupokea kutoka kwa mti uleule. Juu ya boriti hupangwa vipande vya mawe ya matumbawe, kisha humwagwa zege ya chokaa na kupondwa mpaka ishikane. Sakafu ya namna hiyo ni nzito mno, na uzito wake wote unashukia kwenye kuta mbili ndefu. Huo ukuta wenu wa kati umekaliwa na boriti za chumba cha mbele na za chumba cha nyuma. Ukiuondoa, umeondoa miguu ya sakafu mbili kwa mpigo.

Mhandisi wa mteja atasema wataweka mhimili wa chuma. Mwache aseme, kisha umuulize ncha za chuma hicho zitakaa juu ya nini. Ukuta wa kale wa pwani si tofali. Ni mawe yaliyotupiwa chokaa na udongo mwekundu, mnene wa nusu mita hivi, na nguvu yake ni kuutawanya mzigo kwa urefu wake wote. Haukuzoea kukanyagwa pahali pamoja. Ukiulalia chuma, utasagika pale kinapogusa. Basi itabidi mjenge nguzo za zege chini ya kila ncha, na msingi chini ya kila nguzo, na mkimaliza mtakuwa mmejenga nyumba mpya ndani ya nyumba ya watu, na ile ya kale imebaki ganda.

Badala yake, chukua nyundo ndogo ya mbao ukagonge ukuta huo polepole kutoka kona hadi kona. Nyumba hizi zimegawanywa na kuunganishwa mara nyingi kwa sababu ya mirathi, na kila mrithi aliziba mlango wake. Mahali panapoitikia kwa sauti ya uwazi huenda pana mlango uliozibwa, au kidaka, yaani shubaka la ukutani. Mlango wa kale ukifunguliwa tena haudhuru chochote, maana kizingiti chake cha juu bado kipo na mzigo ulishazoea kupita pembeni. Ukipata milango miwili ya namna hiyo, vyumba vitaonana, nao watajiona wako ukumbini. Meza zipangwe mstari mmoja upande wa madirisha, njia ibaki upande wa pili. Chumba chembamba kinafaa sana kazi ya kukaa na kuandika. Kisichoweza ni kufanana na zile ofisi za Nyali wanazozionea wivu.

Sasa nyumba yenyewe inavyopanda kutoka barabarani hadi ndani. Ulipokuwa chuoni sijui kama mlipelekwa Lamu. Nenda, kwa gharama yako ikibidi. Nyumba kuu ya Lamu huanza na daka, pale mlangoni penye mabaraza, ambapo hata asiyejulikana anaweza kuketi. Kisha tekani, njia inayopinda ili jicho la mpita njia lisifike uani. Kisha kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, kisha misana (kumbi), wa chini na wa juu, sakafu ikiinuka kidogo kila hatua, na mwisho kabisa vyumba vya ndani, mahali pa mama mwenye nyumba, pa kuzalia na pa kuoshea maiti. Mgeni wa biashara alikuwa na sabule yake, na ngazi yake, alale na aondoke bila kukutana na wa ndani. Kila hatua ina watu wake, na wachache zaidi kuliko waliotangulia.

Tazama ofisi yoyote ukaone kama si hivyo. Bawabu, mapokezi, chumba cha kuongea na wateja, makarani, na nyuma kabisa mhasibu na sanduku la fedha. Wazee walishaichora ramani mnayohangaikia. Nyumba ya Mombasa ya roshani si sawa na ya Lamu, maana nyingi ni za karne ya 19 kwenda ya 20, chini duka na juu makazi, lakini mpangilio wa siri ni uleule. Fuata mpangilio huo utapunguza kazi. Kule Lamu Wajerumani walishafanya hivyo zamani. Clemens Denhardt, yule aliyefanya mkataba na Sultani wa Witu, alisababisha posta ya Kijerumani ifunguliwe tarehe 22 Novemba 1888, katika nyumba ya mji kwenye barabara kuu. Posta haihitaji zaidi ya chumba cha mbele chenye mlango wa njiani, na nyumba ilikuwa nacho tayari. Ilifungwa tarehe 31 Machi 1891, baada ya Ujerumani kuwaachia Waingereza Witu kwa mkataba wa 1890. Nyumba ikabaki nyumba, na leo ni makumbusho madogo. Ofisi iliyoingia kwa adabu ikatoka bila kuacha jeraha, hiyo naiheshimu, hata kama wenyewe walikuja kwa shughuli nisiyoiheshimu.

Umesema mkurugenzi anaitaka roshani iwe chumba chake, izungushiwe vioo na kuwekwa kiyoyozi. Hapo usikubali upesi. Roshani ile haikutengenezwa kwa ajili ya mkubwa. Imetengenezwa kuvuta upepo uingie vyumba vyote vya nyuma yake, na kumpa aliye juu nafasi ya kuona njiani bila kuonekana sana. Ukiiziba kwa vioo, ghorofa nzima itakosa pumzi na kila chumba kitadai kiyoyozi chake. Iache wazi, weka mabenchi, wafanyakazi wanywe chai pale. Mkurugenzi mpe chumba cha nyuma, chenye unyamavu, mwambie ndicho cha heshima. Na ni kweli ndicho.

Kuna mfano mmoja mzuri ambao ningependa umwonyeshe mteja, na mmoja wa kutisha. Yote miwili iko Unguja, tena njia moja, ile ya ufukweni ya Mizingani.

Mzuri ni Zahanati ya Kale. Sir Tharia Topan, tajiri wa Kikachi aliyekuwa akisimamia forodha ya Sultani, aliianza mwaka 1887 kuadhimisha miaka 50 ya Malkia Victoria kwenye kiti. Alikusudia hospitali. Alifariki 1891 kabla haijaisha, mjane wake akaikamilisha 1894, kisha ikauzwa, na mwishowe chini kukawa zahanati na juu wakakaa madaktari. Baada ya Mapinduzi ya 1964 iliachwa, na ilipofika miaka ya 1980 ilikuwa karibu kuanguka. Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni uliikarabati katika miaka ya 1990, ikawa kituo cha utamaduni chenye ofisi na maduka. Kilichoiokoa, ukiacha fedha, ni umbo lake. Katikati kuna uwanja wenye paa la kupitisha mwanga, na vyumba vyote vinafunguka kwenye veranda za ndani zinazouzunguka. Katika jengo la namna hiyo unaweza kumpa kila mpangaji chumba chake bila kutoboa ukuta hata mmoja. Wale waliolifanyia kazi walirudisha nakshi za mbao na lipu jinsi zilivyokuwa, wakawa na subira ya kutafuta chokaa.

Wa kutisha ni Beit al-Ajaib. Sultani Barghash aliijenga 1883, kubwa kuliko mahitaji yoyote ya nyumba, yenye nguzo za chuma na dari zilizo juu sana. Mwaka 1896 ilinusurika mizinga ya Waingereza. Baadaye Waingereza haohao wakaifanya makao ya ofisi za serikali, na baada ya Mapinduzi ikawa shule ya chama, kisha makumbusho. Mwaka 2012 sehemu ya roshani zake ilianguka. Halafu tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiwa unaendelea, sehemu kubwa ya upande wa mbele iliporomoka pamoja na mnara wa saa, watu wawili wakafa. Jengo lililostahimili mizinga, naamini, liliangushwa na maji ya mvua, chumvi na miaka ya kuachwa.

Hapa nataka unisikilize kuliko pengine pote. Nyumba za matumbawe na chokaa haziui mtu ghafla. Hutoa taarifa kwanza: doa darini, unga mweupe wa chumvi chini ya ukuta, lipu inayolia tupu ukiigonga, boriti yenye vumbi la mchwa. Lakini taarifa hizo hutolewa usiku, mvua ya masika ikinyesha, na anayezisikia ni aliyelala humo. Bibi anaamka, anaweka ndoo, asubuhi anamtuma mjukuu kwa fundi, fundi anapanda na chokaa kidogo. Nyumba ikaishi miaka 150 kwa ndoo na wajukuu. Ofisi inafungwa saa kumi na moja jioni. Ijumaa hadi Jumatatu hakuna mtu. Tone linaloanguka usiku wa Ijumaa juu ya ncha ya boriti, pale inapoingia ukutani, hakuna anayelijua. Na ncha hiyo ndiyo huoza kwanza, ndani ya ukuta, wakati katikati ya boriti bado inang'aa kwa rangi yenu mpya.

Wazee wetu wa Sagalla walilijua hili bila kuwa na matumbawe. Nyumba zao za fito, udongo na nyasi zilidumu maadamu jiko linawaka. Moshi ulikausha paa na kufukuza wadudu. Familia ikihama, misimu michache tu paa linaketi chini. Hapa mjini Voi unaweza kuona jambo hilohilo katika nyumba yoyote iliyofungwa kwa kesi ya mirathi: mabati ya mwaka uleule, mawe yaleyale, ya jirani imesimama kwa sababu ina watu, ile imeinama.

Kwa hiyo kwenye ramani yako chora chumba cha mtu wa kulala. Simaanishi kibanda cha mlinzi getini chenye redio. Chora chumba cha kweli, chenye choo na jiko, ikiwezekana ghorofa ya juu chini ya paa, cha msimamizi na familia yake. Mteja atauliza kwa nini atoe mita zake za mraba kwa mtu asiyelipa kodi. Mwambie ni bima. Yeye ni wa shughuli za bandari, bima anaielewa. Na lile duka la vitambaa la chini, kama mpangaji bado yupo, mwombe asiondolewe. Mtaa ule wa nyuma ya Ndia Kuu unaishi kwa watu wa kukaa barazani. Kila nyumba ikigeuka ofisi, saa mbili usiku pale patakuwa makaburini, na vibaka watakuwa wa kwanza kujua.

Mengine ni ya kiufundi, nayapitisha haraka. Saruji isiguse kuta za zamani, hata kwa kiraka. Ukuta wa matumbawe unavuta unyevu kutoka ardhini na kuutoa hewani kupitia chokaa. Ukiupaka saruji, unyevu hauna pa kutokea, unapanda juu zaidi na kusukuma chumvi hadi jiwe lenyewe linageuka mchanga. Nilifanya kazi kwenye nyumba moja, sitaitaja ya nani, ambapo mkandarasi aliondoa lipu nzuri ya chokaa akapiga saruji laini kama kioo. Msimu wa pili wa mvua saruji ilibanduka vipande vikubwa ikiwa imeshika uso wa mawe. Rangi ya mafuta na ile ya plastiki ni ndugu wa saruji, zikatae pia. Chokaa iliyochomwa na kulowekwa vizuri bado inapatikana, ila uiagize mapema, inataka kukaa miezi ndani ya maji kabla haijafaa kazi ya lipu.

Karatasi ni nzito kuliko watu. Makabati ya mafaili, sefu, betri za umeme, vyote vikae chini, kwenye sakafu ya ardhi. Tangi la maji msiliweke juu ya paa, jengeni mnara wake uani. Vyoo vipya vipangwe kimoja juu ya kingine, karibu na kilipokuwa choo cha zamani, na mabomba yapite nje ambapo yakivuja yataonekana. Maji ya viyoyozi, kama lazima wawe navyo, yakusanywe na kushushwa kwa bomba, maana nimeona kuta zilizoliwa na mpira mmoja wa kudondosha kuliko zilizoliwa na mvua. Nyaya za umeme na za intaneti zisichimbiwe ukutani. Zipite juu ya ukuta, kwenye mifereji ya mbao. Na ile mitambo yenye taa za kumetameta iwekeni ndani ya vidaka, maana hiyo ndiyo kazi ya kidaka, kushika kitu kidogo cha thamani ambacho hakitakiwi kukanyagwa.

Kuhusu kibali, usimkubalie mtu anayesema mtaanza kazi halafu karatasi zifuate. Mji wa Kale ni eneo la hifadhi, na Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 haichezewi. Nenda Makumbusho na michoro ya awali, kabla mteja hajaipenda mno. Watakusaidia zaidi ya unavyodhani, na mara nyingine watakupa sababu ya kumkatalia mteja bila wewe kuonekana mkaidi.

Usiku wa leo chukua tepu yako upime tena. Upana wa kila chumba uupime kutoka jiwe hadi jiwe, si kutoka lipu hadi lipu, na upime pembe kwa pembe pia, maana nyumba hizo hazina kona iliyo sawasawa, na ramani iliyonyooka kuliko nyumba itakuaibisha siku ya kuingiza meza. Hesabu boriti. Kila moja itoboe kwa msumari mwembamba pale inapogusa ukuta, uandike zipi zinapokea msumari kwa urahisi. Kisha nitumie karatasi hiyo kwa dereva wa matatu, usiipige picha, macho yangu hayawezi tena maandishi ya simu.

Ukipata likizo panda treni ya SGR uje. Nataka tufike Taveta, nikuonyeshe ile nyumba ya Grogan pale kilimani Girigan, aliyoijenga miaka ya 1930 katikati ya mkonge wake, Kilimanjaro upande mmoja na Ziwa Jipe upande mwingine. Siku hizi imefanywa hoteli. Kuta zake ni nene kuliko alivyohitaji mtu yeyote asiye na vita na jirani, na ningependa kusikia wewe, kwa elimu yako, utasema nini kuhusu vyumba alivyovigeuza mwenye hoteli. Nina maoni yangu, ila nitakuacha uanze.

Mama yako anasema uvae koti ukipanda paani, jambo ambalo sikulielewa kwa joto la Mombasa, lakini nimelifikisha.

Mjomba wako